Ile Picha Uliyonipiga Kwenye Mvua

Bellevue, jioni, kabla hujarudi kutoka kuaga

Saumu mwanangu,

Salamu tutapeana kesho kituo cha basi, na nitakukumbatia mpaka dereva apige honi, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za kula, kulala, upepo wa Cape Town na watu wa kuepuka. Umekulia Johannesburg. Kama hukujifunza hapa namna ya kushika begi lako njiani, hutajifunza kwa barua yangu. Nina jambo moja tu la kukujibu, nalo ni ile picha.

Uliniuliza juzi ukiwa umesimama mlangoni, begi la kamera begani, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda duka la spaza kununua mkate. "Mama, ile ya mvua ndiyo nataka kuiweka ukutani kule. Lakini ukisema no, siiweki. Sharp?" Nikakwambia niache nipike. Ukanieleza kwamba shule inataka kila mwanafunzi mpya afike na picha moja, itundikwe ukumbini na iwekwe pia kwenye mtandao, dunia nzima iione. Nikakwambia tena niache nipike. Tangu hapo nimepika sana, kama ulivyoona, na hatukuwa na mgeni hata mmoja.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua unakielewa chote, ila unanijibu kwa Kiingereza, na ukikasirika kwa Kizulu. Lakini mambo haya siwezi kuyasema kwa lugha ninayoitumia kubishana na askari wa manispaa. Soma polepole. Neno likikushinda nipigie, nami nitapata kisingizio cha kusikia sauti yako.

Kwanza nikueleze ninavyoiona mimi picha yenyewe. Nimekaa juu ya kreti la soda, pale pale Marshalltown, chini ya uzio wa lile jengo la ofisi. Mvua yetu ya mchana imeshuka bila hodi. Mwavuli nimeushika kwa mikono miwili, na aliye chini ya mwavuli si mimi, ni printa. Mimi nimelowa chapachapa. Mtandio umenigandia kichwani, gauni limenata mwilini, na mdomo uko wazi kwa sababu nilikuwa nikimfokea mtu, sikumbuki nani. Nyuma yangu kile kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti kimelegea upande mmoja. Na kushoto, kwenye chuma cha uzio, limening'inia lile koti jeusi, limevikwa nailoni, na kifungo chake kimoja cha dhahabu kisichofanana na vingine kinaonekana wazi. Yaani koti limefunikwa, printa imefunikwa, na mwenye mali yuko nje.

Ni picha nzuri. Nasema hivyo kama mtu wa kazi hii, si kama mama yako. Mwanga umeingia vizuri kutoka upande wa barabara, na watu nyuma yangu wanakimbia wamejifunika mifuko vichwani, kila mmoja na sura yake. Ungekuwa umempiga mama wa mtu mwingine ningekusifu mpaka majirani wachoke. Shida ni kwamba aliyemo ni mimi, na Tanga wanajua nina studio.

Neno hilo nililianzisha mwenyewe, mwaka ule nilipofika. Nilisimama mbele ya mlango wa kioo wa duka la watu, nikampa mwenzangu kamera anipige, nikatuma nyumbani. Mjomba wako Athumani akaniuliza, "Ndiyo studio yako hiyo?" Nikasema ndiyo. Baba yako alipokwenda Durban na kunyamaza, hapo ndipo nikalishika neno hilo kwa mikono yote miwili, maana sikutaka kaka yangu aseme, "Si tulikwambia?" Tangu wakati ule, kila nikituma picha natafuta kioo kinachofanana na kile cha kwanza. Nimechoka, mwanangu. Kuishi mjini huku unatafuta vioo ni kazi juu ya kazi.

Koti umelikuta likiwa kama mtu wa nyumba hii, na hujawahi kuniuliza lilikoanzia. Nilikuwa napiga picha za pasipoti tu, watu wanaokwenda kushughulikia karatasi zao. Mtu anakaa, anatazama mbele, hacheki, basi. Lakini wengi walikuwa hawaondoki. Wanajizungusha zungusha, kisha wananiambia kwa sauti ya chini, "Mama, hebu nipige na moja ya kutuma nyumbani." Nikiwatazama, mmoja ana kizibao cha ulinzi, mwingine ana saruji mpaka kwenye kope. Siku moja nikaenda kwenye marundo ya mitumba Jeppestown, nikalichagua koti lile kwa sababu lilikuwa kubwa na lingewatosha wengi. Kifungo kimoja kilikuwa kimedondoka, nikashona hicho cha dhahabu nilichokuwa nacho.

Basi Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi wa Tanga na Dar, wote wamepita ndani ya koti lile. Namvalisha mtu, namsimamisha mbele ya mlango wa benki, au kando ya gari la mwenye nalo, mkono juu ya boneti, polepole alamu isilie. Picha naikata pale suruali inapoanza, maana koti lilikuwepo na suruali haikuwepo. Wakati mwingine namuwekea na faili kwapani. Wanaume wazima walikuwa wakinyooka mgongo mbele yangu, wanavuta pumzi, wanakuwa wale watu waliotoka nyumbani wakidhani watakuwa. Sikuona kosa lolote. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Akaja Baba Neema. Wakati huo alikuwa akilinda magari barabarani, upande wa pili wa kreti langu, mtu mpole wa Bukavu asiyepandisha sauti hata dereva akiondoka bila kumwachia kitu. Huyo nilimtengeneza kuliko wote. Nilimsubirisha mpaka jua likapiga vizuri, nikamsimamisha kwenye mlango wa vioo kama ndiyo kwanza anatoka kikaoni. Hata mwenyewe alipoiona alicheka, akasema, "Eeh, huyu ni directeur." Akaituma kwa mke wake.

Mke wake alikuwa fundi cherehani kule Bukavu. Baada ya muda, asubuhi moja, namwona mwanamke nisiyemjua amesimama mbele ya kreti langu, mtoto mgongoni, vumbi la nchi kadhaa kwenye miguu yake, na picha yangu mkononi. Alikuwa amemfuata mumewe bila kumwambia, akamkuta hapa Bellevue katika chumba kimoja na wanaume wengine, pazia katikati. Hakunisalimu.

"Ni weye ulipiga hii photo?"

"Ndiyo, dada."

"Huu mulango uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa ng'ambo ya barabara. Akavuka, akasimama mbele ya ule mlango, akawatazama watu wanaoingia na kutoka, mlinzi akamtazama yeye. Kisha akarudi, akakaa chini karibu yangu, akamshusha mtoto. "Niliuzisha mashini yangu ya kushona," akaniambia. Nilikuwa na magwinya, haya maandazi ya hapa, kwenye mfuko, bado ya moto, nikampa. Akala yote kwa sababu alikuwa na njaa.

Huyo ndiye Tantine wako. Ndiye aliyekusuka nywele tangu hujajua kukaa kimya, na leo hii ndiye aliyekupikia sombe, kisamvu cha kwao, ya kuagia. Umekua mkipakana ukuta na hukujua kwamba ni picha yangu iliyomleta mji huu. Mimi nilijua. Kila nilipomwona amesimama kutwa nyuma ya kiti cha saluni ya barabarani akisuka vichwa vya watu, nilikuwa nikiona cherehani ambayo haipo.

Usidhani niliacha koti. Sikuacha. Watu walilitaka, na mimi nilikuwa na wewe wa kulisha. Nilichofanya ni kubadili utaratibu. Tangu siku ile, kila anayevaa koti nampiga picha mbili. Moja na koti. Ya pili bila koti, pale pale alipo, na kizibao chake, na ndoo yake, na ndizi zake. Hiyo ya pili ni zawadi, silipwi. Namwambia, tuma zote mbili. Basi wanaitikia vizuri, wanashukuru, wanachukua ya koti, na ile nyingine wananiachia. "Weka tu, mama, nitaipitia." Hakuna aliyewahi kuipitia.

Ndiyo lile boksi lililokuwa chini ya kitanda, ambalo wewe uliligeuza kuwa kitu cha kuchezea kabla hujaanza shule. Ulikuwa ukiwapanga wale watu sakafuni na kuwapa majina. Wasusi, wauza mahindi, wabeba mizigo, yule Mrundi aliyekuwa akirekebisha saa za watu juu ya stuli. Nilidhani unacheza. Kumbe ulikuwa unasoma, na mimi sikukuandikisha shule hiyo kwa kupenda.

Sasa tufike pale Jeppestown, maana najua bado unaninunia kwa ajili ya siku ile. Tulikuwa tunatoka kununua kitambaa. Kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani, kulikuwa na kijana anayekokota maboksi, mzigo umempita kichwa, anasubiri taa kama gari. Ukamwelekezea kamera bila hata salamu, ukapiga. Akaacha mkokoteni katikati ya barabara, akakujia. Hakukupiga wala hakukutukana, alikuuliza tu kwa nini yeye, kwa nini si wale walio ndani ya magari. Ukatazama viatu vyako. Mimi nikakunyang'anya kamera, nikamwomba radhi, nikakuburuta mpaka nyumbani, nikaifungia sandukuni majira yote ya baridi.

Nilikwambia ni kwa sababu ya wezi. Haikuwa wezi. Niliona kwamba wewe unapiga ile picha ya pili tu. Koti huna, na hulitaki. Nikajua kwamba ukiendelea hivyo utazunguka mji wote, na mwisho utafika kwenye kreti langu. Nilikuonea haya, mwanangu, na haya zangu nikazigeuza kuwa adhabu yako. Ulipata hasara ya miezi mingi kwa sababu ya jambo lisilokuhusu, na sijawahi kusema nisamehe. Basi nisamehe.

Lakini na wewe ulikosea, na nafurahi kwamba ulilijua kabla sijakwambia. Unadhani sikukuona? Nilikuwa kwenye teksi, hizi daladala za hapa, siku ile uliporudi Jeppestown peke yako, kamera ikiwa bado imefungiwa sandukuni, kumbe kadi yake ulikwisha kuichomoa, na bahasha mkononi. Teksi ilisimama kwenye foleni. Nilikuona ukisubiri kando ya barabara mpaka yule kijana akaja na mzigo wake, ukampa picha yake. Akaitazama muda mrefu, honi zikipigwa nyuma yake. Halafu akatoa waya, akaifunga mbele ya mkokoteni, kama namba ya gari, akaondoka. Niliteremka kituo kisicho changu kwa sababu nilikuwa nalia, na abiria wa hapa hawapendi mtu alie ndani ya teksi.

Jioni ile ndiyo nilifungua sanduku. Ulidhani nimelifungua kwa sababu baridi imeisha.

Tangu hapo nimekutazama unavyofanya kazi, na nitakwambia ninachokipenda, maana nimekuwa mchoyo wa kusifu. Mji huu wanakuja kuupiga picha watu wengi wenye lenzi ndefu kama bomba. Wanakuja siku ambayo maduka yanavunjwa, siku ambayo sisi wageni tunafukuzwa, siku jengo linapoungua. Wakimaliza wanaondoka, na walioko mbali wanadhani sisi huwa tunakimbia kila siku. Wewe unapiga Jumanne. Unapiga wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, mmoja amekasirika kweli kweli. Unapiga wasichana wa ofisini Marshalltown wakibadili viatu vya visigino na kuvaa raba kabla ya kwenda kupanga foleni ya teksi. Ile ya mwanamke wa Bellevue aliyetoa godoro uani, akakaa juu yake na kuanza kuchambua mchele, niliitazama mpaka chai ikapoa. Mimi nimekaa mji huu muda mrefu nikiwasaidia watu waonekane kama hawapo hapa. Wewe unaonyesha kwamba tupo.

Na kule unakokwenda watakuuliza unatoka wapi. Utasema Joburg. Watakuuliza tena, hapana, hasa hasa unatoka wapi? Sema Joburg mara ya pili, kwa sauti ile ile. Mimi ni mtu wa Tanga, hilo halinitoki. Wewe mji wako ni huu, umeupiga mtaa kwa mtaa, na mtu akitaka kukubishia mwonyeshe.

Turudi kwenye jibu. Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kununua mkanda wa begi, nilimwita Tantine wako, nikamwonyesha ile picha. Nilitaka aniambie ni mbaya. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuichukia kazi yangu ni yeye, na kama angesema usiruhusu ningekuwa nimepata pa kujificha. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani.

"Koti iko inaonekana," akasema.

"Ndiyo hilo linaloniumiza," nikamwambia. "Si langu tu. Watu wangapi wametuma picha na koti hilo? Itawekwa kwenye mtandao. Mtu yuko Bukavu, yuko Bujumbura, analiona linaning'inia kwenye uzio na kifungo chake. Nitakuwa nimewavua nguo watu wote."

Tantine wako akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Saumu, weye unafikiri batu ya kwetu ni vipofu? Ile koti tunaijuaka zamani! Bwana ya jirani yangu iko nayo ku photo. Ndugu ya pasta iko nayo. Tulikuwa tunasema, huko Johannesburg koti ni moja tu, banavalishana."

Nikamuuliza: "Sasa kama ulijua, kwa nini uliuza cherehani?"

Akaacha kucheka. "Juu ya macho yake," akasema. "Nilitazama ile photo, koti nikaiacha, mulango nikauacha, nikatazama macho ya bwana yangu. Nikasema, huyu muntu anateseka na hana wa kumuambia. Nikauzisha, nikakuja. Weye ulipiga macho muzuri sana, Mama Saumu. Donc, muache mutoto aiweke."

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika zile picha za kwenye boksi, nikiwatazama watu wangu upya. Miaka yote hii nimebeba mzigo ambao Tantine wako mwenyewe hakuwa amenipakia. Na miaka yote hii nimekuwa nikidhani nawaficha, kumbe nilikuwa nawapeleka nyumbani wazima wazima, na waliokuwa wakiwapokea walikuwa wakiona kila kitu na kunyamaza kwa kuwaheshimu. Sikujua kama nicheke au nijipige kofi.

Kwa hiyo mchana nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya zamani. Sikutaka Tanga waione kwa mtu mwingine. Nikaituma kwenye simu ya mjomba wako, nikaandika chini yake: "Hapa ndipo ninapofanyia kazi. Hii ndiyo studio."

Athumani alinipigia papo hapo. Alifoka. Ati miaka yote wanawaambia watu dada yao ana studio Afrika Kusini, ati sasa watawatazama watu vipi, ati mtu mzima anakaaje juu ya kreti mvuani kama hana kwao. Nilimwacha amalize pumzi. Nikamwambia, "Waambie studio ipo, ila haina paa." Akakata simu. Atakaa na hasira zake mpaka Idi, halafu atanitumia picha ya mbuzi kama kawaida yake. Nampenda ndugu yangu, lakini kwenye jambo hili sitarudi nyuma hata hatua moja, na akinuna anune.

Baadaye ukaja ujumbe wa sauti. Bibi yako. Unajua anavyoshika simu mbali na mdomo kama inaweza kumng'ata. Anasema: "Mwanaisha, nimeiona. Kaka yako anapiga kelele hapa, mwache. Mimi nina neno moja tu. Huyo mjukuu wangu aliyesimama hapo na mashine yake anapiga, mama yake analowa. Mbona hakuja kukushikia mwavuli?"

Hakuuliza studio. Hakuuliza koti. Nilicheka, nikajikuta nalia, nikampigia ili nimjibu mwenyewe, maana ni swali ambalo kila mwenye kamera barabarani anadaiwa, na wengi hawana jibu.

Nikamweleza ilivyokuwa. Kwamba ulikuwa ng'ambo, ukapiga moja tu. Kwamba ukaitia kamera ndani ya sweta, ukavuka katikati ya teksi huku wakikutukana, ukanipokonya mwavuli kwa nguvu, ukanisogeza na bega mpaka nikaingia chini yake, na nje ukabaki wewe. Kwamba ulitetemeka mpaka jioni na nikakugombeza kwa kuharibu sweta la shule.

"Sasa mbona hayo hayamo kwenye picha?" bibi yako akaniuliza.

"Hayawezi kuwemo, mama. Mpigaji ndiye aliyekuja."

Akasema, "Basi mwambie asiache kuja." Nimekwambia.

Jibu langu ni ndiyo. Iweke. Usiikate kushoto, koti libaki mahali pake na kifungo chake. Kesho basi lako likishaondoka naenda Marshalltown moja kwa moja, na nitalitundika pale pale, kwa sababu bado kuna watu wanaolihitaji na mimi si mtu wa kuwahukumu. Picha ya pili nitaendelea kuwapiga, wataniachia, na mimi nitakutumia wewe. Mji huu hautakosa mtu wa kuupiga kwa sababu tu umeondoka. Mimi nipo, na sasa nina sababu ya kunyanyuka kwenye kreti.

Nina sharti moja. Nimegeuza ile nakala uliyoiacha mezani, nikaona umeandika nyuma yake kwa Kiingereza maneno yatakayowekwa ukutani: mwanamke kwenye mvua. Hapana, Saumu. Wanawake kwenye mvua wako wengi, na wewe ulikuwa unamjua huyu. Futa. Chini ya picha andika jina lake lote, na kazi yake, na mahali pake, kama nilivyoviandika hapa chini, usipunguze hata neno moja.

Mama yako,
Mwanaisha binti Salehe,
mpiga picha,
Marshalltown, Johannesburg